Safari ya Oksijeni

Hewa ina uzito, na mwili wa binadamu huutambua uzito huo pale tu unapobadilika upesi. Abiria wanaoteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, mji mdogo ulio katika Wilaya ya Korogwe, huzibwa masikio katika kona za mlima na kuyazibua kwa kupiga miayo au kumeza mate, kwa kuwa katika mwendo wa kilomita zipatazo 33 wameshuka karibu mita 1,000, na tabaka la hewa lililo juu yao limeongezeka kimo na nguvu ya kuwakandamiza. Nguvu hiyo ndiyo shinikizo la hewa, au kanieneo katika vitabu vya fizikia vya shule, na kipimo chake cha kawaida ni angahewa moja, yaani shinikizo lililopo ufukweni, kwenye usawa wa bahari. Tofauti ya Lushoto na Mombo ni kama sehemu moja ya kumi ya kipimo hicho, na mpiga mbizi wa Pangani huipata tofauti hiyohiyo kwa kuzama mita moja tu, maana maji ni mazito mno kuliko hewa, na kila mita 10 za bahari huongeza angahewa nzima.

Tiba ya oksijeni ya shinikizo imejengwa juu ya jambo hilo. Mgonjwa huingizwa katika chumba cha chuma au cha plastiki ngumu iliyo angavu, mlango hufungwa usipitishe hewa, shinikizo hupandishwa taratibu hadi kufikia angahewa 2 au 2.5, na mara chache 3, naye huvuta oksijeni safi kwa muda wa dakika 60 hadi 120 kabla ya kurudishwa polepole katika hali ya kawaida. Vipo vyumba vya mtu mmoja, ambavyo aghalabu hujazwa oksijeni yenyewe, na vipo vyumba vikubwa vya watu kadhaa, ambavyo hujazwa hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, kila mgonjwa akivuta oksijeni yake kwa barakoa au kofia ya plastiki, na muuguzi akikaa ndani pamoja nao. Aliyelazwa katika angahewa 2.4 amefikishwa, kwa hesabu, kwenye kina cha mita 14 baharini pasipo kulowa hata ukosi wa shati.

Faida ya kushuka huko haieleweki mpaka itazamwe namna damu inavyosafirisha oksijeni. Katika kila mililita 100 za damu ya mtu mwenye afya mna gramu zipatazo 15 za hemoglobini, yaani protini yenye madini ya chuma iliyomo ndani ya chembe nyekundu, na protini hiyo hubeba karibu mililita 20 za oksijeni; plazima, ambayo ni majimaji yanayobaki chembe za damu zikiondolewa, huyeyusha mililita 0.3 tu. Mwili uliopumzika hutumia mililita 5 au 6 kati ya hizo katika kila mzunguko, na zinazobaki hurudi moyoni zikiwa akiba. Hemoglobini ya mtu mzima anayevuta hewa ya kawaida imekwisha kujaa kwa zaidi ya asilimia 95, kwa hiyo haina nafasi ya maana ya kupokea zaidi hata akipewa oksijeni tupu, sawasawa na malori yapitayo njiapanda ya Segera yakiwa yamesheheni, ambayo hayawezi kuongezewa mzigo kwa sababu tu ghala la Tanga limefurika. Plazima ndiyo yenye nafasi. William Henry, mwanakemia wa Uingereza, alionyesha mwaka 1803 kwamba kiasi cha gesi kinachoyeyuka katika kimiminika hulingana na shinikizo la gesi hiyo, na kwa kanuni hiyo zile mililita 0.3 huwa takriban 2 mtu anapovuta oksijeni safi katika shinikizo la kawaida, na takriban 6 anapoivuta katika angahewa 3. Kiasi hicho cha mwisho, ambacho hakikubebwa na chembe yoyote, kinakaribia kabisa mahitaji ya mwili uliotulia.

Ite Boerema, daktari wa upasuaji wa Amsterdam, alilihakikisha jambo hilo kwa nguruwe. Mwaka 1960 yeye na wenzake walichapisha taarifa ya majaribio ambamo damu ya nguruwe wadogo ilitolewa na nafasi yake ikajazwa kimiminika kisicho na chembe nyekundu, mpaka hemoglobini ikawa karibu haipo kabisa, na wanyama hao, wakivuta oksijeni ndani ya chumba chenye angahewa 3, waliendelea kuishi, kisha wakarudishiwa damu na kupona. Jaribio hilo lilitenganisha vitu viwili ambavyo katika maisha ya kawaida haviachani, oksijeni na kibebeo chake, likaonyesha kwamba mwili unadai kufikiwa na oksijeni, kwa njia yoyote ile itakayowezekana.

Korogwe imeujua utengano huo kwa upande wake mchungu. Wilaya hiyo inaanzia bondeni, kwenye mashamba ya mkonge na kingo za Mto Pangani, ikapanda hadi vijiji vya Usambara Magharibi kama Bungu na Vugiri, na kwa sababu ya mpando huo imekuwa kwa miaka mingi mahali pa kuchunguzia malaria: Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo chake Korogwe, na mji huo, pamoja na Bagamoyo, ulikuwa miongoni mwa vituo 11 vya nchi saba za Afrika ambako chanjo ya malaria ya RTS,S ilifanyiwa jaribio lake kubwa la mwisho kati ya mwaka 2009 na 2014. Watafiti waliolinganisha vijiji vya bondeni na vya mlimani waliona maambukizi yakipungua sana katika miaka ya mwanzo ya karne hii, na kupungua huko ni habari njema isiyohitaji kutiwa chumvi. Hata hivyo, kazi ambayo malaria huifanya kwa mtoto mmojammoja haijabadilika. Kimelea hupasua chembe nyekundu alizojificha ndani yake, bandama huondoa nyingine nyingi ambazo hazikuwa na kimelea, na uboho, yaani kiwanda cha chembe hizo kilichomo ndani ya mifupa, hulegea katika kuzalisha mpya. Mtoto mwenye malaria aliye na gramu chini ya 5 za hemoglobini katika mililita 100 huhesabiwa na Shirika la Afya Duniani kuwa na upungufu mkali wa damu. Aliyefikia gramu 4 hubeba mililita 5 na kitu za oksijeni, kiasi kinacholingana na matumizi ya mwili uliolala, na hana akiba ya kulia wala ya kupandisha homa. Moyo wake hukimbia na kifua chake hupanda na kushuka kwa nguvu, ilhali hewa ya wodini ni ileile inayomtosha mama aliyempakata.

Hapo ndipo kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni, ambacho hupima oksijeni ya damu kwa mwanga, kinaposema ukweli usiotosha. Kifaa hicho huhesabu ni asilimia ngapi ya hemoglobini iliyopo imebeba oksijeni, bila kuuliza hemoglobini yenyewe ni kiasi gani; kwa hiyo mtoto mwenye gramu 4 anaweza kuonyesha asilimia 98 na kuonekana mzima kwenye kioo. Muuguzi mzoefu hutazama viganja na ukope wa ndani, akiviona vyeupe hutuma sampuli maabara kupima kundi la damu, na uzoefu huo wa macho unastahili heshima kuliko inavyopewa na wapenzi wa mitambo.

Je, mtoto huyo angefaidika na chumba cha Boerema? Kwa kanuni za fizikia, angefaidika: upungufu mkali wa damu umo katika orodha ya hali zinazokubaliwa na jumuiya ya Marekani ya madaktari wa tiba hiyo, hasa kwa wagonjwa wasioweza kupewa damu, wakiwemo Mashahidi wa Yehova wanaoikataa kwa imani. Kwa busara ya tiba, chupa moja ya damu iliyopimwa humfaa zaidi kuliko chumba, kwa kuwa humrudishia vibebeo vinavyodumu kwa wiki kadhaa, ilhali oksijeni iliyoyeyushwa kwa shinikizo huondoka muda mfupi baada ya mlango kufunguliwa. Anayedhani kwamba Hospitali ya Magunga mjini Korogwe ingetangulia kununua chumba kabla ya kujaza jokofu la damu amekosea mpangilio. Lakini amekosea vilevile anayedhani kwamba elimu ya chumba haiwahusu watu wa Korogwe, kwani ni elimu hiyo inayoeleza kwa nini damu haina mbadala mwepesi, na kwa nini oksijeni ya mtungi pekee, katika shinikizo la kawaida, humwongezea mtoto huyo chini ya mililita mbili, kiasi ambacho kwa mwenye 20 ni kidogo na kwa mwenye 5 ni kikubwa.

Oksijeni hiyo ya kawaida nayo ina safari yake. Iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya kutibu upungufu wa oksijeni mwilini mwaka 2017 tu. Kabla ya hapo ilitajwa humo kama gesi ya chumba cha upasuaji. Baada ya janga la UVIKO-19 kuzuka, serikali ya Tanzania ilisimika mitambo ya kuzalisha oksijeni katika hospitali kadhaa za rufaa, na hospitali ndogo hutegemea mitungi inayosafirishwa kwa gari au mashine ndogo zinazochuja naitrojeni kutoka kwenye hewa kwa chembechembe za madini ya zeolaiti na kutoa oksijeni ya asilimia 90 na zaidi. Mashine hizo hudai umeme usiokatika. Wilaya ya Korogwe ina kituo cha Hale, ambacho tangu mwaka 1964 kimekuwa kikigeuza maji ya Mto Pangani kuwa umeme, na bado waya zinazopita juu ya kijiji si sawa na umeme uliofika kwenye tundu la ukuta wa wodi.

Handeni, wilaya jirani, inalileta suala lilelile la oksijeni na kibebeo chake kwa njia ya mkaa. Wilaya hiyo ni miongoni mwa zile ambazo miti yake ya miombo imekuwa ikichomwa kwenye matanuru na kusafirishwa kwa magunia hadi Tanga na Dar es Salaam, na mkaa uleule, unapowaka katika jiko lililoingizwa chumbani usiku wa kipupwe huku madirisha yamefungwa, hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala moshi, inayong'ang'ania hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Katika malaria vibebeo vimepotea. Hapa vipo vyote lakini vimekaliwa, na kile kifaa cha kidoleni hudanganyika mara ya pili, maana mwanga wake hauitofautishi vyema hemoglobini iliyobeba sumu na iliyobeba oksijeni. Mwaka 1895 John Scott Haldane wa Uingereza alionyesha kwamba panya aliyewekwa katika gesi hiyo pamoja na oksijeni ya shinikizo aliweza kuishi, kwa kuwa oksijeni iliyoyeyuka katika plazima ilimtosha wakati hemoglobini yake imetekwa, na katika miaka ya 1960 madaktari wa Glasgow wakaanza kuwatibu binadamu kwa kanuni hiyo.

Hesabu za sumu hiyo zinafundisha mengi kuhusu umbali. Kwa mtu anayevuta hewa ya kawaida, nusu ya kaboni monoksidi iliyoshika hemoglobini huondoka kwa muda wa saa nne hadi tano. Akipewa oksijeni safi kwa barakoa, muda huo hupungua hadi dakika 80 au 90. Na katika chumba chenye angahewa 3 huwa dakika zipatazo 20. Maana yake ni kwamba aliyezimia kwa mkaa katika kijiji cha Handeni, akiwekewa barakoa yenye oksijeni ya kutosha katika hospitali ya karibu, atakuwa amesafishwa damu yake kwa sehemu kubwa kabla ya gari lolote kumfikisha kwenye chumba. Kinachobaki ni swali la ubongo, kwa kuwa baadhi ya waliopona huanza baadaye kupoteza kumbukumbu, na hapo tafiti hazipatani: jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 1999 halikuona faida ya chumba, na la Marekani la mwaka 2002 liliona kwamba waliotibiwa humo walipata matatizo machache zaidi ya akili wiki sita baadaye. Ubishi huo haujaisha, na mwenye barakoa mkononi hana sababu ya kungoja uishe.

Mahali ambapo chumba hakina mshindani ni kwa mpiga mbizi. Anayevuta hewa iliyoshindiliwa akiwa chini ya bahari, awe mtalii au mvuvi wa majongoo bahari, huyeyusha naitrojeni nyingi katika mwili wake kwa kanuni ileile ya Henry, na akipanda haraka gesi hiyo hutoka kwa mapovu yanayoziba mishipa, yanayoumiza viungo na yanayoweza kupooza miguu. Haldane na wenzake walitoa mwaka 1908 majedwali ya kupanda kwa vituo, baada ya majaribio yaliyofanywa kwa mbuzi, wanyama ambao Handeni haiwakosi, waliochaguliwa kwa kuwa miili yao ilikaribia ya binadamu kuliko ya panya. Aliyekwisha kupatwa na ugonjwa huo wa mapovu hurudishwa kwenye shinikizo, mapovu yakanywea, na oksijeni ikasaidia kuyafukuza. Katika pwani ya Waswahili vyumba vya kazi hiyo ni vya kuhesabika: kimoja kipo Matemwe, kaskazini mashariki mwa Unguja, kilichowekwa kwa ajili ya wapiga mbizi, na kingine kimekuwa katika kambi ya jeshi la majini la Kenya huko Mtongwe, Mombasa. Mvuvi wa Kigombe au Pangani anayeanza kusikia ganzi miguuni hulazimika kuvuka maji au mpaka ili kuvifikia. Akiamua badala yake kurudi kwa ndugu zake Handeni, iliyo mamia ya mita juu ya bahari, au akapanda zaidi hadi Lushoto, shinikizo linalopungua njiani litayakuza mapovu yaliyomo mwilini mwake, na ndiyo sababu wapiga mbizi hukatazwa kupanda ndege au mlima mpaka saa nyingi zipite. Safari ya kurudi nyumbani, ambayo kwa wagonjwa wengine ni faraja, kwa huyu huongeza ugonjwa.

Kilimanjaro pana chumba cha namna nyingine, chepesi kiasi cha kubebwa na mpagazi: mfuko wa kitambaa usiopitisha hewa, uliobuniwa na Igor Gamow wa Chuo Kikuu cha Colorado katika miaka ya 1980, ambao mgonjwa wa mlima hulazwa ndani yake na mwenzake akaujaza kwa pampu ya mguu. Shinikizo lake ni dogo, kama sehemu moja ya saba ya angahewa, lakini kwa aliyelala katika kambi ya Kibo, mita 4,720 juu ya bahari, linatosha kumshusha kwa hesabu zaidi ya mita 1,500 pasipo kutoka hemani. Mfuko huo hauna oksijeni ya ziada wala kompyuta, na pengine ndio mfano mzuri kuliko yote wa tiba hii, kwa kuwa hutumika kununua saa chache tu mpaka mgonjwa ateremshwe kwa miguu au kwa machela.

Chumba kina hatari zake na matapeli wake. Shinikizo likipandishwa haraka ngoma ya sikio hupasuka, na oksijeni ikizidi huleta degedege, jambo ambalo Paul Bert wa Ufaransa alilieleza tangu mwaka 1878. Moto ndio adui mkubwa zaidi, kwa kuwa katika oksijeni nyingi cheche ndogo huteketeza kila kitu kwa sekunde chache. Watu 11 walikufa hivyo katika hospitali moja ya Milano mwaka 1997, na ndiyo maana wagonjwa huvishwa pamba tupu na kunyang'anywa simu, viberiti na hata mafuta ya nywele. Kuhusu matapeli, historia ina mnara wao: mwaka 1928 daktari Orval Cunningham alijengewa mjini Cleveland, Marekani, tufe la chuma lenye kipenyo cha mita zipatazo 20, hoteli kamili ya hewa iliyoshindiliwa, akidai kutibu humo kisukari, kaswende na saratani, na madaktari wenzake walipomtaka ushahidi hakuutoa, hatimaye tufe likakatwa kuwa chuma chakavu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wanaouza leo vipindi vya chumba kwa ajili ya usonji au kurudisha ujana ni wajukuu zake.

Kati ya ushahidi ulio wazi na madai hayo kuna kidonda cha kisukari, ambacho huenda ndicho kitakachowafikisha watu wengi wa Handeni na Korogwe kwenye swali la chumba, kwa kadiri kisukari kinavyoenea vijijini. Mishipa midogo ya mguu imeziba, hemoglobini ipo na imejaa, lakini haipenyi hadi kwenye nyama inayooza, na oksijeni iliyoyeyuka katika plazima inaweza kupenya zaidi, ikachochea mishipa mipya kuota na chembe nyeupe kuua vijidudu. Jaribio la Sweden la mwaka 2010 lilionyesha vidonda vingi zaidi vikipona. La Uholanzi la mwaka 2018 halikuthibitisha tofauti ya kutosha, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wagonjwa wengi hawakuweza kumaliza vipindi vyao. Vipindi hivyo huwa 30 hadi 40, kimoja kwa siku, siku tano kwa wiki, yaani wiki sita hadi nane. Ikiwa Mholanzi aliye na gari la kumfuata mlangoni hushindwa kuvimaliza, mkulima wa mahindi wa Kwamsisi au Mkata atalazimika kutafuta ndugu wa kumpokea mjini kwa miezi miwili, nauli ya kila asubuhi, mtu wa kumpikia, na mtu mwingine wa kupalilia shamba lake, kwa tiba ambayo madaktari wenyewe hawajakubaliana kwamba itamponya. Kukata mguu ni kazi ya siku moja na hufanyika karibu na nyumbani, na kwa hiyo uamuzi huo, ambao vitabu huuandika kana kwamba ni wa daktari na mgonjwa, katika wilaya hizi hupitishwa na kikao cha ukoo kinachohesabu fedha za mahindi kabla ya kuhesabu vipindi vya chumba.